Daktari Kathleen Lynn: Aliyeingia Barazani kwa Ajili ya Watoto Wachanga

Watu wengi wakitajiwa Ireland, kisiwa kile kilichoko magharibi ya Uingereza, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye vita na ugomvi wa miaka mingi baina ya watu wa huko na watawala wao wa London. Na majina yanayotajwa katika habari hizo aghalabu ni ya wanaume: walioshika bunduki, waliopigwa risasi gerezani, na waliokuja kukalia viti vya enzi baadaye. Lakini katika habari hizo hizo yumo mwanamke mmoja ambaye alikuwa na silaha mbili tu za maana, kipimo cha daktari na kiti cha udiwani, na kwa silaha hizo alipigana na adui aliyeua watu wengi kuliko bunduki. Adui huyo alikuwa ni maradhi ya watoto wachanga.

Jina lake Kathleen Lynn. Alizaliwa tarehe 28 Januari mwaka 1874 mahali paitwapo Mullafarry, karibu na mji mdogo wa Killala, katika jimbo la Mayo, kule magharibi ya Ireland ambako ardhi ni mawe na mvua haikatiki. Baba yake, Robert Lynn, alikuwa kasisi wa Kanisa la Ireland, yaani kanisa la Kiprotestanti. Msomaji afahamu kwamba wenyeji wengi wa Ireland walikuwa Wakatoliki, na Waprotestanti wakawa wachache. Ila wachache hao ndio waliokuwa na mashamba makubwa, vyeo vya serikali na elimu ya juu. Basi binti huyu alizaliwa upande wa wenye kushiba.

Hata hivyo, mtu hawezi kukua Mayo asione njaa. Kuanzia mwaka 1845 maradhi ya viazi yalikuwa yameangamiza chakula cha maskini kisiwani kote. Watu kiasi cha milioni moja walikufa, na wengine kiasi hicho hicho wakapanda majahazi na meli kwenda kutafuta maisha Marekani na kwingineko. Mayo ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia zaidi. Kathleen alizaliwa robo karne tu baada ya msiba huo, na waliouona kwa macho walikuwa bado hai. Alikua akitazama vibanda vya maskini vilivyojaa moshi na watoto waliokonda, na akatambua kwamba katika vibanda hivyo mtu pekee aliyeingia na matumaini mkononi alikuwa daktari wa pale kijijini. Alipofikia umri wa miaka 16 alikwisha kata shauri: naye atakuwa daktari.

MLANGO ULIOFUNGWA

Kukata shauri ni jambo moja na kufika ni jingine. Chuo cha matabibu cha Dublin kilikuwa kimewafungulia wanawake mtihani wa udaktari mwaka 1877, kikiwa cha mwanzo kufanya hivyo katika Uingereza na Ireland zote mbili. Lakini kufungua mlango wa mtihani si kufungua mlango wa hospitali. Kathleen alisoma Alexandra College ya Dublin, shule iliyosifika kwa kuwasomesha wasichana, kisha akaingia shule ya udaktari ya Cecilia Street na kuhitimu mwaka 1899. Mwaka 1909 akapata daraja ya juu katika Chuo cha Wapasuaji cha Ireland, akiwa miongoni mwa wanawake wachache mno waliofikia hapo.

Pamoja na hayo yote, alipochaguliwa kufanya kazi katika hospitali ya Adelaide, madaktari wanaume walimkataa. Hawakumkuta na upungufu wa elimu, wala hapakuwa na doa katika mwenendo wake. Kosa lake lilikuwa jinsia yake. Akaenda kwingine, na kuanzia mwaka 1902 akawa daktari katika hospitali ya macho na masikio ya Royal Victoria, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi ya namna ile pale. Akapanga nyumba katika barabara ya Belgrave, mtaa wa Rathmines, akafungua chumba cha kutazamia wagonjwa wake mwenyewe. Watu wa mtaa ule wakamzoea, mama mwembamba juu ya baiskeli, na mkoba wa dawa pembeni, mvua inyeshe au jua liwake.

Kukataliwa kule kulimfundisha jambo. Alifahamu kwamba mwanamke hata akisoma namna gani, kama hana sauti mahali ambapo mambo hukatwa, elimu yake itawekwa uani. Akajiunga na chama kilichodai kura kwa wanawake na nafasi zao katika serikali za mitaa, na akakaa katika kamati yake kuanzia mwaka 1903 hadi 1916. Wakati huo sheria ya mwaka 1898 ilikuwa imekwisha waruhusu wanawake kupiga kura za mitaa na kukalia viti vya mabaraza ya wilaya, na mwaka 1911 wakaruhusiwa katika mabaraza ya majimbo na miji mikubwa. Bunge la London lilikuwa bado limefungwa kwao. Ndiyo kusema mlango wa kwanza wa siasa uliokuwa wazi kwa mwanamke wa Ireland ulikuwa mlango wa baraza la mji, ule wa mitaro, takataka, maziwa na nyumba. Wanaume wengi waliudharau mlango huo. Daktari Lynn hakuudharau.

VYUMBA VYA DUBLIN

Dublin ya siku hizo ilikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja majumba ya fahari, upande wa pili majumba yale yale ya fahari yaliyochakaa, yakagawanywa chumba chumba na kupangishwa kwa mafukara. Familia zaidi ya 20,000 zilikuwa zikikaa kila moja katika chumba kimoja: baba, mama, watoto, na pengine bibi mzee kitandani. Mfereji wa maji mmoja kwa jumba zima, na choo kimoja uani. Mwezi wa Septemba mwaka 1913 majumba mawili ya namna hiyo yaliporomoka katika mtaa wa Church Street na kuua watu saba, na hapo ndipo serikali ilipounda tume ya kuchunguza makazi.

Katika vyumba hivyo, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, kiasi cha 150 hawakufikia umri wa mwaka mmoja. Wengi walikufa kwa kuharisha wakati wa joto, kwa sababu maziwa waliyonyweshwa yalitoka katika mazizi machafu, yakauzwa katika vyombo vichafu, yakawekwa katika chumba chenye nzi. Wengine walikufa kwa kifua kikuu, na wengine walizaliwa na kaswende waliyoirithi bila ya hatia yoyote. Na hospitali nyingi hazikupenda kulaza watoto wachanga. Mtoto wa miezi mitatu akiugua, mama alimrudisha chumbani kungoja ajali yake.

Mwaka huo huo wa 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia milango wafanyakazi waliojiunga na chama chao, na maelfu ya familia wakakosa hata kile kidogo. Rafiki yake Daktari Lynn, Helena Molony, mchezaji wa maigizo na mtetezi wa wafanyakazi wanawake, alimpeleka Liberty Hall, makao ya chama cha wafanyakazi. Pale akasaidia katika jiko la kuwapikia wenye njaa, na akawafunza wanawake huduma ya kwanza: kufunga jeraha, kuzuia damu, kumbeba aliyevunjika. Binti wa kasisi aliyezaliwa katika shibe akawa mtu wa walalahoi. Na pale pale akafahamiana vema na Madeleine ffrench-Mullen, mwanamke aliyekuja kuwa mwandani wake hadi kifo.

PASAKA YA MWAKA 1916

Wafanyakazi wale walikuwa wameunda jeshi lao, Jeshi la Raia la Ireland, na Daktari Lynn akawa mganga wake mkuu. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili mwaka 1916, wazalendo waliinuka kupigania uhuru na kuyateka majumba makubwa ya Dublin. Daktari alikuwa pamoja na kikosi kilichoteka City Hall, jumba la baraza la jiji. Kamanda wa kikosi hicho, Seán Connolly, mcheza maigizo wa ukumbi wa Abbey, alipigwa risasi akiwa juu ya paa. Daktari alimfikia, lakini hakukuwa na la kufanya. Jumba lilipovamiwa usiku, yeye ndiye aliyekuwa amebakia na cheo kikubwa, na ikawa yeye ndiye aliyetoa kauli ya kusalimu amri. Husimuliwa kwamba askari wa Kiingereza walipata taabu kidogo, wasijue kama kanuni zinawaruhusu kupokea silaha za adui kutoka kwa mwanamke.

Alifungwa gereza la Kilmainham, kisha Mountjoy. Huko Kilmainham, wakati wa alfajiri, wafungwa wanawake walikuwa wakisikia milio ya bunduki viongozi wao walipokuwa wakiuawa. Baadaye akahamishiwa Uingereza kwa muda kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao. Kazi yake katika hospitali ya macho na masikio ilikoma mwaka huo huo. Na jamaa zake, ambao walikuwa watiifu kwa mfalme wa Uingereza, waliona binti yao amewatia aibu; kwa muda mlango wa nyumbani kwa baba yake ulifungwa mbele yake. Mtu huweza kustahimili gereza la adui, lakini mlango wa mzazi ukifungwa, huo ni mzigo mwingine kabisa. Aliubeba, na baadaye wakapatana.

Tangu siku zile za mwaka 1916 alianza kuandika kitabu cha kumbukumbu za kila siku, akaendelea nacho kwa miaka karibu 40. Karatasi hizo zimehifadhiwa katika Chuo cha Matabibu cha Ireland, na kwazo wanahistoria wameweza kumfuata hatua kwa hatua. Si maandishi ya mtu mwenye kujisifu. Yamejaa hali ya hewa, wagonjwa, mikutano na bustani.

VITANDA VIWILI NA PAUNI 70

Mwaka 1917 alichaguliwa katika kamati kuu ya chama cha Sinn Féin. Wenzake wengi walikuwa wakifikiria bendera na mipaka. Yeye alileta mezani habari za afya. Mapema mwaka 1918 yeye na Daktari Richard Hayes walitoa onyo la hadhara kwamba vita vikuu vitakapokwisha, askari watarudi na magonjwa ya zinaa, na watakaolipa ni wake zao na watoto watakaozaliwa. Lilikuwa jambo zito kusemwa na mwanamke mbele za watu katika nchi ile na wakati ule. Alilisema kwa sababu alikuwa amekwisha waona watoto wenyewe.

Mwaka huo serikali iliwasaka tena viongozi wa chama. Daktari alijificha miezi kadhaa, na alipokamatwa ilikuwa tayari yale mafua makali yaliyoitwa ya Spania yameingia Dublin. Mafua hayo yaliua watu zaidi ya 20,000 katika Ireland, wengi wao vijana wenye nguvu. Meya Mkuu wa Dublin, Laurence O'Neill, aliomba daktari huyo aachiliwe, kwa sababu mji ulikuwa unahitaji mikono yake kuliko gereza lilivyoihitaji. Akaachiliwa. Yeye na Madeleine wakapata nyumba kuukuu namba 37, Charlemont Street, wakaitumia kuwatibu na kuwachanja wagonjwa. Chanjo za wakati huo hazikuweza kufanya mengi, kwa kuwa virusi vya mafua vilikuwa bado havijajulikana, lakini nyumba ilikuwa imekwisha patikana.

Mafua yalipopungua, wanawake hawa hawakuirudisha funguo. Tarehe 29 Mei mwaka 1919 wakaifungua kuwa hospitali ya watoto wachanga. Mtaji wao ulikuwa pauni 70 na vitanda viwili vya watoto. Wakaiita kwa jina la Ultan, mtakatifu wa kale wa Ireland wa karne ya saba ambaye husimuliwa kwamba tauni ilipoua akina mama, aliwakusanya mayatima na kuwalisha maziwa kwa mkono wake. Madeleine alishika utawala na hesabu, Daktari Lynn akashika matibabu. Madaktari na wauguzi wote walikuwa wanawake. Hapa ndipo wasichana waliohitimu udaktari na kufungiwa milango kwingine walipopata kazi na heshima, na wauguzi wakafundishwa kumtazama mtoto mchanga kuwa mgonjwa kamili mwenye haki zake.

Jambo lililoitofautisha hospitali hiyo na nyingine ni kwamba mama hakuachwa mlangoni. Alifundishwa faida ya kunyonyesha, kuchemsha maziwa, kusafisha chupa, kufungua dirisha. Daktari Lynn aliamini sana hewa safi. Yeye mwenyewe alikuwa akilala barazani kwake nje, kiangazi na kipupwe. Watu walimcheka kidogo, lakini aliishi miaka 81.

KUFUA MAJI CHOMBONI

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Mtoto alikuja Charlemont Street akiwa anaharisha, akatibiwa, akapona, akarudishwa kwao. Baada ya wiki tatu aliletwa tena, na safari hii pengine hakupona. Mabaharia wetu wa pwani wanajua maana ya hali hiyo. Chombo kikitoboka, unaweza kufua maji mchana na usiku. Usipolitia kalfati lile tundu, utachoka wewe na maji hayatachoka. Hospitali ilikuwa ikifua maji. Tundu lilikuwa kule katika chumba kimoja cha watu wanane, katika mfereji ulioziba, katika maziwa yasiyokaguliwa. Na mwenye amri juu ya vitu hivyo hakuwa daktari. Alikuwa diwani.

Kwa hiyo mwezi wa Januari mwaka 1920, ulipofanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji, Daktari Lynn alisimama Rathmines na akashinda. Madeleine naye akashinda. Rathmines wakati huo ulikuwa mji wenye baraza lake mbali na Dublin, na ulisifika kuwa ngome ya matajiri na ya watu waliopenda kubaki chini ya mfalme wa Uingereza. Kwamba wanawake wawili waliotoka gerezani kwa kosa la uasi wameketi katika baraza hilo ni jambo ambalo miaka mitano nyuma lingechekesha watu.

Alikaa humo miaka kumi, mpaka mji wa Rathmines ulipounganishwa na Dublin mwaka 1930 na baraza lake kuvunjwa. Katika miaka hiyo aliifanya kazi ambayo haiandikwi nyimbo: nyumba za maskini, usafi, chakula cha watoto wa shule, afya ya mama na mtoto. Diwani wa namna hii huonekana mchoshi, kwa sababu kila kikao hurudia neno lile lile. Lakini mitaro haijengwi kwa hotuba za mwaka mara moja. Hujengwa na mtu anayekuja kila kikao na kuuliza bomba lile la mwezi uliopita limefika wapi.

Mambo ya taifa nayo hayakumwacha. Mapatano ya Desemba mwaka 1921 yaliiacha Ireland imegawanyika na chini ya kiapo kwa mfalme, na Daktari Lynn akawa miongoni mwa walioyakataa. Vikafuata vita vya ndugu kwa ndugu vya mwaka 1922 na 1923. Mwezi wa Agosti mwaka 1923 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Dublin, lakini kwa msimamo wa chama chake hakwenda kukalia kiti hicho, na uchaguzi wa Juni mwaka 1927 akakikosa. Hapa mtu aweza kumlaumu, na lawama hiyo ina haki yake. Bunge lile lile alilolikataa ndilo lililokuwa likipitisha sheria za afya na makazi, na wapiga kura wake hawakuwa na msemaji ndani yake. Yeye aliona kiapo ni kiapo, na mtu haapi asichokiamini. Ila kwenye baraza la mji, ambako hakikuwapo kiapo cha namna hiyo, hakukosekana. Kama kuna mizani ya kupimia maisha yake ya siasa, basi kiti kidogo cha Rathmines kilizaa zaidi kuliko kiti kikubwa cha Bunge.

Baraza lilipovunjwa hakuiacha kazi ya makazi. Yeye na Madeleine walipigania kujengwa nyumba nzuri za kupanga hapo hapo Charlemont Street, mahali pa yale majumba mabovu, na mchoraji majengo mashuhuri Michael Scott akazichora. Mojawapo ya majengo hayo liliitwa kwa jina la ffrench-Mullen. Madeleine mwenyewe alifariki mwaka 1944, na Daktari akapoteza mtu aliyeshirikiana naye nyumba, gereza, baraza na hospitali kwa miaka thelathini.

DINI, NA HOSPITALI ISIYOJENGWA

Katika miaka ya thelathini hospitali ya Ultan ilikuwa imekua na kupata sifa. Mwaka 1935 palikuwa na shauri la kuiunganisha na hospitali nyingine ya watoto, ile ya Harcourt Street, ili ipatikane hospitali moja kubwa yenye vifaa vyote. Askofu Mkuu wa Wakatoliki wa Dublin, Edward Byrne, alipinga. Hofu yake ilikuwa kwamba watoto wa Kikatoliki, ambao ndio wengi, watawekwa chini ya madaktari wa Kiprotestanti, na kwamba mafundisho yasiyokubaliana na imani yao yatapenya humo. Shauri likafa. Hospitali kubwa ya watoto ya Dublin ilikuja kufunguliwa Crumlin mwaka 1956, chini ya mamlaka ya Askofu Mkuu mwingine, na wakati huo Daktari Lynn alikuwa kaburini mwaka mzima.

Ni kisa cha kutafakari. Mwanamke huyu alifungiwa mlango kwanza kwa sababu ni mwanamke, kisha na watu wake kwa sababu ni mwasi, kisha na taifa alilolipigania kwa sababu ya dini ya baba yake. Na mara zote tatu waliokuwa wakingojea upande wa pili wa mlango walikuwa watoto. Homa haimwulizi mtoto madhehebu yake. Wazee wetu wamesema ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

KOVU LA MKONONI

Hata hivyo, ndani ya hospitali ile ndogo lilifanyika jambo kubwa. Mmoja wa madaktari wake alikuwa Dorothy Stopford Price, mwanamke aliyeyajua mambo ya kifua kikuu kuliko wengi katika Ireland nzima. Alijifunza utaalamu huo katika nchi za Ulaya bara, hata Kijerumani akajifundisha ili asome vitabu vyake. Mwaka 1937 aliileta katika hospitali ya Ultan chanjo ya BCG, ile iliyotengenezwa na wataalamu wawili wa Kifaransa, Calmette na Guérin, na kutumiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921. Ireland ilikuwa haijapata kuitumia. Mwaka 1949 ilipoundwa kamati ya taifa ya kueneza chanjo hiyo, makao yake yalikuwa hapo hapo Charlemont Street.

Msomaji na aukunje mkono wa shati lake la kushoto. Wengi wetu tuliozaliwa au kuchanjwa katika zahanati za Kenya tunalo kovu dogo la mviringo chini ya kiwiko, na watoto wetu wanalo. Hilo ni kovu la chanjo hiyo hiyo. Haikutufikia sisi kutoka kwa Daktari Lynn, lakini kazi ile ya kuwashawishi akina mama wenye shaka, mmoja mmoja, kwamba kidonda kile kidogo cha mtoto ni kinga na wala si dhara, ndiyo iliyofanyika pale kama ilivyofanyika huku.

Daktari Lynn aliendelea na kazi mpaka uzee. Alikuwa na kijumba mlimani, katika bonde la Glenmalure, jimbo la Wicklow, kisicho na umeme, ambako alikwenda kupumua hewa aliyoipenda. Kijumba hicho aliwaachia vijana wa chama cha wasafiri wa miguu, nao wamekuwa wakikitumia kwa malazi tangu hapo. Alifariki tarehe 14 Septemba mwaka 1955, akazikwa makaburi ya Deansgrange, Dublin, kwa heshima za kijeshi, kwa kuwa dola lilikumbuka kwamba alikuwa askari wa mwaka 1916.

Hospitali aliyoianzisha ilidumu mpaka mwaka 1984 ndipo ikafungwa. Jina lake nalo kwa miaka mingi lilibaki katika vitabu vya wachache, huku majina ya wanaume aliokuwa nao yakiandikwa juu ya stesheni na barabara. Baadaye watafiti walizifungua zile karatasi zake za kila siku, na nchi ikaanza kumjua upya.

Makamanda waliyateka majumba ya Dublin kwa siku sita tu. Daktari Lynn alikalia kiti cha baraza kwa miaka kumi na kitanda cha mgonjwa kwa miaka zaidi ya hamsini. Hesabu ya watoto waliokua wakawa watu wazima, wakaoa na kuolewa na kupata wajukuu kwa sababu siku moja walifikishwa nyumba namba 37, haiko katika kitabu chochote. Wengi wao hawakulijua hata jina la aliyewapokea, kwa kuwa walikuwa na umri wa miezi mitatu.